Risasi Isiyoumiza Mkono wa Mpigaji

Nikikutajia bastola najua utakalofikiria. Utamfikiria jambazi aliyesimamisha matatu usiku, au askari aliyevaa kiraia akiwa ameificha silaha chini ya koti. Hapa kwetu Kenya bastola haina sura nyingine. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyama pori ya mwaka 2013 ikaendelea kuukataza uwindaji wa kujifurahisha. Hivyo basi mtoto aliyezaliwa Nairobi, Nakuru au Kisumu katika miaka hii yote hajamwona mtu akitoka nyumbani na silaha kwenda kutafuta kitoweo, labda awe amesikia habari za wawindaji haramu. Mwambie kwamba kuna mahali ambapo bibi mwenye wajukuu huchukua bastola akaingia msituni kuwinda, tena kwa leseni ya serikali na kwa baraka za mumewe, naye atakuuliza umesoma hadithi ya nani.

Mimi niliyaona hayo katika jimbo la Ohio, nchini Marekani, nilikokuwa nikisoma kati ya mwaka 2001 na 2005. Nilikodi chumba kwa wazee wawili, mume na mke, nje kidogo ya mji wa chuo chetu. Majirani wote, hata watoto wadogo, waliwaita kwa majina yao ya kwanza, jambo ambalo ulimi wangu ulikataa katakata. Nikawaita Mzee na Mama. Walipojua maana yake walifurahi, na Mama akaanza kujitambulisha hivyo kwa wageni wangu waliotoka nyumbani.

Mzee alikuwa fundi wa mitambo aliyestaafu. Mama alikuwa amefanya kazi ya jikoni katika shule ya msingi miaka mingi. Kila mwaka, Jumatatu inayofuata Sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa mwezi wa Novemba, hufunguliwa huko msimu wa wiki moja wa kuwinda kwa bunduki mnyama wao wa mkia mweupe, ambaye kwa umbo anafanana sana na kulungu wetu. Wawili hao walikuwa wakienda pamoja tangu walipooana. Nyama waliyoipata ilijaa kwenye friza na kuliwa hadi majira ya joto. Nawaambia kina mama wanaosoma ukurasa huu kwamba huyo bibi hakununua nyama ya kusaga dukani kwa miezi kadhaa ya kila mwaka, na supu yake bado naikumbuka.

Mwaka 2003 Mama alipasuliwa bega la kulia. Daktari alimwambia waziwazi kwamba asiweke tena kitako cha bunduki begani. Sasa elewa tatizo lililokuwapo. Wakati huo sheria ya Ohio haikuruhusu mtu kuwinda kulungu kwa raifo. Raifo za aina fulani zilikuja kuruhusiwa mwaka 2014. Bunduki zilizoruhusiwa zilikuwa shotgani, zile za kizamani zinazoshindiliwa kwa mdomo, na bastola yenye kasiba isiyopungua inchi 5 na risasi za ganda lililonyooka zenye unene usiopungua inchi 0.357. Shotgani na bunduki ya kushindilia zote hupiga teke begani. Iliyobaki ni bastola, ambayo hushikwa kwa mikono miwili mbele ya uso na haigusi bega hata kidogo.

Mzee alikuwa nayo moja. Ilikuwa ya aina inayoitwa .44 Magnum, yenye kasiba ya inchi 7 na nusu na uzito wa karibu kilo moja na nusu. Huenda umeiona ya jamii yake katika filamu ya Dirty Harry ya mwaka 1971, ambayo ndiyo iliyoifanya ijulikane duniani. Lakini haikutengenezewa sinema wala polisi. Ilizaliwa kwa sababu ya mfugaji na mwandishi mmoja wa jimbo la Idaho, Elmer Keith, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akichukua risasi za .44 Special, zilizokuwapo tangu mwaka 1907, na kuzishindilia upya kwa nguvu kupita zile za dukani. Aliwasumbua wenye viwanda kwa maneno na makala hadi Smith & Wesson wakaunda bastola, na Remington wakaunda risasi yake. Bastola hiyo ilitoka mwishoni mwa mwaka 1955. Watu wa Keith walikuwa wakiongeza nguvu. Mzee wangu alitakiwa kufanya kinyume chake.

Nitakueleza kwa nini. Risasi kamili ya .44 Magnum hurusha kichwa cha gramu 15 na nusu kwa mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde. Kila kinachosukumwa mbele kwa nguvu hiyo hudai chake nyuma, na anayelipa ni kiganja cha mpigaji. Siku ya kwanza Mama alipoijaribu, katika uwanja wao wa shabaha uliokingwa kwa tuta la udongo, risasi ya kwanza ilipenya sahani ya karatasi karibu na katikati. Ya pili ilitoka ukingoni. Ya tatu ilichimba ardhi hatua kadhaa mbele ya shabaha. Alipoiweka bastola mezani nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada ilikuwa imechubuka.

Macho yake yalikuwa mazima. Ili kumwonyesha kilichokuwa kikitendeka, Mzee alimtilia risasi huku amegeuka asione, akachanganya na maganda matupu. Mama alilenga, akavuta kifyatuo, na nyundo ikaangukia ganda tupu, "ta!" tu. Hapakuwa na mlio wala teke, lakini mdomo wa bastola ulishuka kama umevutwa kwa kamba. Sote tuliona. Mkono wake ulikuwa ukijikinga na pigo kabla pigo halijafika. Hilo, msomaji, halina uhusiano na ushujaa. Mwili hujifunza maumivu haraka kuliko unavyojifunza ustadi, na ukishayajua hauulizi ruhusa ya mwenyewe.

Mtu anaweza kusema, basi aache kuwinda, kwani lazima? Jirani mmoja alisema hivyo hivyo mbele yangu. Mama hakumjibu, ila jioni alimwambia mumewe maneno ambayo nayakumbuka vizuri. Alisema kwamba kulishwa haogopi, bali anaogopa kuachwa nyumbani. Mzee hakusema kitu. Kesho yake asubuhi nilimkuta kwenye karakana akifuta vumbi kwenye mtambo wake wa kushindilia risasi.

Kwa wasiojua, risasi ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba nyeupe, ambalo likishapigwa hubaki na linaweza kutumika tena mara nyingi. Kuna fataki, kikombe kidogo kilicho kitakoni, ambacho hulipuka kikigongwa. Kuna baruti ndani. Na kuna kichwa kinachoruka, ambacho ndicho hasa risasi, kwani neno lenyewe ni jina la madini. Anayeshindilia nyumbani hulisafisha ganda, hulirudisha umbo kwa mtambo wa mkono, hutoa fataki iliyokufa na kutia mpya, hupima baruti kwa mizani, halafu huketisha kichwa na kukibana. Huko kwao vifaa hivyo huuzwa madukani, na vitabu vya vipimo huchapishwa na kampuni zenye kutengeneza baruti. Hapa kwetu hata kukutwa na risasi moja bila cheti ni kosa la jinai, kwa hivyo sisemi haya ili mtu akajaribu. Wala sitataja vipimo vya baruti. Kila bastola na kila aina ya baruti ina vyake, na namba iliyosikika kwa mdomo ndiyo iliyowakata watu vidole.

Mimi nilidhani kupunguza nguvu ni jambo rahisi, kama kupunguza chumvi. Ukizoea kutia vijiko viwili, unatia kimoja. Mzee alicheka. Alinionyesha katika kitabu onyo lililochapishwa kwa herufi nene kuhusu baruti iwakayo polepole, ile inayotumiwa kwa risasi kali za Magnum. Baruti hiyo huhitaji kujaa ndani ya ganda na kubanwa ili iwake sawasawa. Ukiipunguza ovyo inaweza kushika moto nusunusu, kichwa kikatoka mbio kidogo na kukwama katikati ya kasiba. Na kuna nyakati ambapo shinikizo limetenda mambo yasiyotabirika. Kwa hivyo ukitaka risasi nyepesi haukati tu baruti uliyo nayo. Unabadili aina ya baruti.

Ile iwakayo haraka sana hutosha kidogo tu, kama fungu dogo chini ya ganda refu. Ni ya bei nafuu pia. Lakini ina hila zake mbili. Kwanza, kwa kuwa ganda lina nafasi kubwa, baruti hulala upande huu au ule kulingana na jinsi bastola ilivyoelekezwa, na mwendo wa risasi hubadilika. Pili, na hili ndilo la kutisha, ganda moja linaweza kupokea kipimo mara mbili, hata mara tatu, bila kufurika. Mwenye kushindilia akiitwa simu, akarudi na kusahau alipofikia, anaweza kutia tena katika ganda lililokwisha kutiwa. Silinda ya chuma hupasuka kwa ajili ya usahaulifu huo. Mzee alichagua baruti ya mwendo wa kati, nyingi kwa umbo, ambayo ukiitia mara mbili humwagika juu ya meza. Nilimpenda kwa uamuzi huo. Hakuiamini akili yake mwenyewe. Aliamini umbo la kitu.

Halafu kuna kulungu. Maana huyo hakuulizwa. Unapopunguza makali kwa ajili ya mkono wa mpigaji, unapunguza pia kwa upande wa mnyama, na risasi dhaifu haimwachi hai, humwacha amejeruhiwa, akafie kichakani baada ya siku mbili. Nguvu ya kitu kirukacho hukua kwa mraba wa mwendo wake. Kichwa kile kile cha gramu 15 na nusu kikienda mita 411 kwa sekunde hubeba jouli 1,300 hivi. Kikienda mita 230, mwendo wa.44 Special ya zamani ya dukani, hubeba kama 410 tu. Mwendo umepungua kwa chini ya nusu, lakini nguvu imebaki chini ya thuluthi moja. Ndiyo maana Mzee hakukimbilia kununua zile za dukani akamaliza kazi. Alitaka mita 300 hivi kwa sekunde, jouli 700 hivi. Kwa hesabu yake, teke lingeshuka chini ya nusu ya lile la risasi kamili, na katika hatua 40 kichwa kingemvuka kulungu ubavu hadi ubavu.

Kingemvuka, ikiwa ni kichwa kinachofaa. Vichwa vingi vya kisasa vina tundu mbele na koti la shaba, na vimeundwa vipanuke vikigonga kwa kasi kubwa. Kasi ikipungua havipanuki. Hupita kama sindano ya kushonea magunia. Isitoshe, koti la shaba husuguana na kasiba zaidi kuliko risasi tupu, na mwendo ukiwa mdogo huwa rahisi kukwama. Mzee alirudi kwa umbo alilolibuni huyo huyo Keith zamani: kichwa kizito cha risasi iliyochanganywa na bati na antimoni, chenye pua bapa na bega kali. Hicho hakihitaji kupanuka. Kimekwisha kuwa kipana, milimita karibu 11, na hukata tundu lake kama kinavyokata kitoboa karatasi. Alivisubu mwenyewe nje ya karakana, penye upepo, kwa sababu mvuke na vumbi la risasi ni sumu, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa chakula kabla ya kunawa kwa sabuni.

Hapa niruhusu kidogo nitoke njiani. Watu wa Mumias huenda wamesikia habari za Mskoti aitwaye W.D.M. Bell, aliyepita huko mwanzoni mwa karne ya 20 akielekea Karamoja kuwinda ndovu, akaitwa "Karamojo" Bell. Aliua ndovu zaidi ya elfu moja, na simsifu kwa hilo. Lakini wenzake walipokuwa wakibeba mizinga iliyowatetemesha meno, yeye wengi wa ndovu wake aliwaua kwa raifo ndogo ya .275, kwa kuwa ilikuwa nyepesi, haikumwumiza, na aliweza kuipeleka risasi mahali alipopataka. Mzee alikuwa na kitabu chake. Alinionyesha akidhani nitafurahi kuona majina ya kwetu, na kwa kweli nilisoma Mumias kwenye ukurasa huo theluji ikianguka nje.

Turudi karakanani. Kazi ilichukua majira yote ya kiangazi ya mwaka 2004. Mzee alishindilia risasi kumi kumi, kila kumi kwa kipimo chake, akizianzia pale kitabu kilipoanzia na si chini yake hata chembe. Kila jioni walikwenda nyuma ya nyumba na kifaa cha kupimia mwendo, chenye macho mawili yanayohesabu muda wa kivuli cha risasi kupita kutoka jicho moja hadi la pili. Mimi niliandika namba. Kipimo kimoja kilikuwa laini mkononi lakini mwendo wake ulikuwa ukiruka juu na chini. Kingine kilikuwa thabiti lakini Mama alifumba macho. Na jambo moja lilinishangaza: risasi nyepesi zilipiga juu ya shabaha, si chini. Mzee alinieleza kwamba risasi ya polepole hukaa ndani ya kasiba muda mrefu kidogo, na wakati huo bastola imekwisha kuanza kuinuka. Ilibidi ashushe kipande cha nyuma cha kulengea.

Mwezi wa Agosti ndipo lilipotokea jambo ambalo nusura liharibu yote. Mama alikuwa amekwisha kupiga mbili. Ya tatu haikulia "pa!" Ililia "pu," kama kizibo cha chupa. Alikuwa amekwisha kuanza kuvuta nyundo kwa ajili ya nyingine, ndivyo mkono unavyozoea, Mzee alipopaza sauti ambayo sijaisikia kwake kabla wala baada. "Acha!" Mama aliganda. Alilaza bastola mezani mdomo ukielekea kwenye tuta, akarudi nyuma hatua tatu, na sote tukasimama tukiitazama kama nyoka.

Walipoifungua, kichwa kilikuwa kimelala katikati ya kasiba. Ganda lile lilikuwa na fataki nzima lakini baruti haikuwamo, au ilikuwamo punje chache tu. Laiti Mama angalivuta tena, risasi ya nne ingaliigonga hiyo iliyokwama, na kasiba ingalivimba au kupasuka sentimita chache kutoka vidoleni mwake. Mzee alikitoa kichwa kwa kijiti cha shaba na nyundo ya mbao, akigonga polepole, hasemi neno. Kisha akachukua kisanduku chote cha risasi 50 za fungu lile, akakaa karakanani hadi saa tano za usiku akizivunja moja moja, akimwaga baruti na kuanza upya. Nilimwambia kwamba kwenye mizani ganda lisilo na baruti lingejulikana kwa uzito. Akanijibu, "Kijana, uzito wa maganda hutofautiana kuliko uzito wa hiyo baruti. Mizani itanidanganya kwa adabu."

Nilitarajia Mama akatae kuendelea, na watoto wao walimpigia simu kumsihi aache. Alifanya jambo jingine kabisa. Jumamosi iliyofuata alishuka karakanani, akavuta kiti, akamwambia mumewe asogee. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyepima baruti. Mzee alibaki na mtambo na fataki. Aliyepika chakula cha watoto mia tatu kwa siku, alisema, anajua kupima. Maganda yalipangwa kwenye kibao chenye matundu 50. Alipomaliza kutia baruti alichukua kurunzi na kumulika ndani ya kila ganda, safu kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha akarudia kutoka kulia kwenda kushoto. Redio ilizimwa. Simu haikujibiwa. Mimi mwenyewe niliwahi kufukuzwa kwa sababu ya kuuliza kama ningependa chai au wao wangependa. Vipimo vyote aliviandika katika daftari lake la mapishi, ukurasa unaofuata keki ya maboga, na Mzee alipoona hakuthubutu kucheka.

Sheria waliyojiwekea ilikuwa kwamba Mama hatakwenda msituni mpaka aweze kutia risasi tano mfululizo ndani ya sahani ya karatasi ya upana wa sentimita 20, ambao ni kama eneo la moyo na mapafu ya kulungu, akiwa ameketi na kuegemeza mikono kwenye kijiti chenye panda. Katika hatua 25 aliweza kabla ya mwisho wa Septemba. Katika hatua 40 aliweza katikati ya Oktoba. Katika hatua 50 alipata nne kati ya tano, akajaribu siku tatu na ikawa nne tena. Basi 40 ikawa mpaka wake. Mzee alidokeza kwamba tano ya hatua 50 ingekuja tu. Mama akasema haijaja.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya msimu niliruhusiwa kwenda nao bila silaha, nimevishwa kizibao cha rangi ya chungwa ambacho sheria inamtaka kila mwindaji avae ili asidhaniwe mnyama. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Mama aliketi chini ya mwaloni, mimi nyuma yake, Mzee upande wa pili wa bonde. Saa moja na nusu dume mmoja alitoka kichakani, mwenye pembe kubwa, akasimama ubavu wazi akitutazama bila kutuona. Mama hakuinua bastola. Aliukodolea macho mti uliokuwa karibu naye, ambao siku iliyotangulia alikuwa ameuhesabia hatua kuwa 60. Yule mnyama akasimama, akala, akaondoka. Nilisikia mlio mmoja mbali mashamba ya pili, na baadaye tukajua kwamba ndiye huyo aliyepigwa na jirani, yule yule aliyekuwa ameuliza kama ni lazima.

Siku ya tatu alipata jike, hatua 30. Bastola ililia mara moja, mkono wake ukainuka kidogo na kushuka taratibu. Kulungu aliruka, akakimbia kama hatua 50, akaanguka. Risasi ilikuwa imepita mapafu yote mawili na kutokea upande wa pili, hatukuiona tena. Mzee alipofika alitazama kwanza kiganja cha Mama, ndipo akamtazama kulungu.

Sitasema kwamba nilifurahia kumwona mnyama yule akifa. Nilikulia katika nchi ambayo mnyama pori ni wa kutazamwa, na hadi leo naona marufuku ya mwaka 1977 imetufaa kuliko ilivyotudhuru. Lakini nilichinja mbuzi nikiwa kijana, na nilijua tofauti ya kifo cha haraka na kifo cha uzembe. Miezi minne ya mizani, kurunzi na daftari ilikuwa kwa ajili ya zile hatua 50.

Mzee alifariki mwaka 2011. Mama aliendelea kuwinda na mwanawe hadi mwaka 2015, kwa kipimo kile kile cha keki ya maboga, hakukibadilisha hata chembe, ingawa sheria ilikuwa imekwisha kuruhusu raifo. Vidole vilipokataa kuvuta nyundo aliiuza bastola kwa duka lenye leseni, na mtambo akampa mjukuu. Mizani hakuitoa. Aliniambia kwa simu kwamba ameiosha na sasa anapimia mbegu za maua, maana wauzaji hupunja.